Kupima presha ya macho kituo cha afya: tuanze na kifaa gani?

Kliniki_ya_Jumanne
Wakuu, habari. Kituo chetu kiko mbali na hospitali ya mkoa, na tunataka kuwapima glakoma (ugonjwa unaoharibu neva ya kuonea) watu wa miaka 40 na kuendelea. Fungu ni dogo. Stoo ipo tonometa (kifaa cha kupima presha ya jicho) ya zamani, ya Schiotz. Inatosha, au tujichange tununue tonometa ya kisasa ya iCare?

NevaYaJicho
Mkuu, tonometa peke yake haitoshi, hata ingekuwa ya bei gani. Wagonjwa wengi wa glakoma ukiwapima mara moja unakuta wako chini ya 21 mmHg, yaani presha ya kawaida. Presha hupanda na kushuka ndani ya siku moja, na wapo ambao neva huharibika presha ikiwa ya kawaida. Ukimwambia mtu huyo yuko salama, atarudi akiwa anaonea katundu.

Fedha ya kwanza inunue kifaa cha kuonea neva. Arclight ni ofthalmoskopu (kifaa cha kutazamia ndani ya jicho) ndogo ya mkononi, inachajiwa kwa jua na bei yake ni nafuu. Kikombe cha neva (kishimo cha katikati) kikifika 0.7 ya diski (duara zima la kichwa cha neva), au macho mawili yakitofautiana kwa 0.2, andika rufaa.

Mboni ikiwa ndogo, weka tropikamidi 1% (tone la kupanua mboni) na usubiri dakika 20 hadi 30. Lakini kwanza mulika tochi ukitokea upande wa sikio. Airisi (duara lenye rangi) upande wa pua ikiingia kivuli, chemba ya mbele, yaani nafasi iliyo mbele ya airisi, ni finyu: usipanue, mpe rufaa. Kulinganisha mboni kwa tochi, ukihama jicho hili kwenda lile, nako ni kabla ya tone. Mboni ikitanuka unapoimulika, neva ya jicho hilo imeumia.

Fundi_Tonometa
Schiotz msiitupe. Ijaribu kwanza kwenye kibati chake cha majaribio, mshale usome 0. Mgonjwa alale chali, tone la ganzi, atazame juu wima. Kope zishikie kwenye mfupa. Ukigandamiza jicho presha inapanda. Kola ya shati ilegezwe, asibane pumzi. Kwa uzito wa 5.5 g, 5 kwenye skeli ni kama 17 mmHg, 3 ni kama 24. Ikisoma chini ya 3, ongeza uzito.

Kinachoharibu vipimo mara nyingi ni machozi yaliyokaukia ndani ya bomba. Kipini kinachogandamiza jicho kinakwama, presha inaonekana kubwa kuliko ilivyo. Fungua, safisha kwa spiriti ya 70%, na uache ikauke kabisa, maana spiriti inaunguza konea (kioo cha mbele cha jicho).

Kliniki_ya_Jumanne
Asanteni sana. Vipi kupima watu sokoni siku ya gulio?

NevaYaJicho
Hapana, si kwa kuanzia. Waiteni kaka, dada na watoto wa wagonjwa mlio nao tayari. Hatari yao ni kubwa kuliko ya wengine. Na kabla ya kuita yeyote, pigeni simu hospitali ya rufaa mjue kama timolol (tone la kushusha presha ya jicho) ipo na siku za upasuaji ni zipi. Mwenye pumu mwandikieni hivyo kwenye karatasi ya rufaa, timolol inambana kifua.