Kamera ya gizani kwenye kizimba cha sato: nijaribu vipi kabla ya kuifunga?

Kizimba_Luchelele: Habari za jioni wakuu. Nina kamera ya sensa ya IMX462 (inayoona kwenye mwanga hafifu), lenzi f/1.0 (inayoingiza mwanga mwingi), ina taa zake za infraredi, mwanga usioonekana kwa macho (urefu wa wimbi nanomita, nm, 850). Nataka niishushe mita 4 usiku nikague kama wavu wa kizimba changu cha samaki ziwani umechanika. Nchi kavu inaona vizuri gizani, ila nikiizamisha kwenye pipa la maji naona ukungu mweupe tu. Tatizo kamera au maji?

Fundi_Kirumba: Tatizo ni taa, mkuu. Infraredi iko ubavuni mwa lenzi, kwa hiyo kioo cha kasha la kuzuia maji kinairudishia kamera. Inayopenya nayo inamezwa na maji: ikienda nusu mita na kurudi, inabaki kama asilimia 1 tu. Ya nm 940 ndiyo usiiguse kabisa.

Zima infraredi zote, weka kamera kwenye hali ya mchana (ya picha za rangi). Funga LED ya kijani kwenye mkono wa bomba, sm 40 kando ya lenzi, ikimulika kwa mshazari. Kijani kwa sababu ndiyo rangi inayopenya vizuri kwenye maji yenye mwani. Ukiisogeza karibu na lenzi, chembe za mwani zitawaka kama vumbi mbele ya taa za gari, na hapo ukiongeza gaini (kukuza mwanga kwa umeme ndani ya kamera) unaongeza ukungu.

Kupima: kata vipande vitatu vya wavu uleule wa kizimba, vifunge kwenye bomba la PVC sm 30, 60 na 100 kutoka kwenye kioo. Shata (muda wa kamera kupokea mwanga kwa kila picha) iwe sekunde 1/25, usiibadilishe. Pale unaposhindwa kuhesabu macho ya wavu ndipo mwisho wa kamera yako. Pimia ziwani, maji ya bomba kwenye pipa yanadanganya. Na rudia mvua ikishanyesha.

Dada_wa_Vizimba: Kasha lizamishe kwanza bila kamera: weka tishu kavu ndani, funga jiwe, shusha mita 6 kwa saa nzima. Tishu ikilowa, angalia oringi (pete ya mpira inayoziba kasha), mara nyingi ni unywele au mchanga ulionasa hapo. Taa usiiache ikiwaka, kaka. Dagaa na wadudu watajaa mbele ya lenzi. Washa, rekodi sekunde 30, zima.

Kizimba_Luchelele: Asanteni sana. Waya ni mita 30, volti 12. Nikiwasha taa, kamera inajizima.

Fundi_Kirumba: Waya mwembamba huo. Jozi moja ya waya wa mtandao, mita 30, ina kama omu 5; ukivuta nusu ampea unapoteza volti 2.5. LED ipe waya wake, wenye unene wa mm² 1.5.

Dada_wa_Vizimba: Halafu kioo bapa kikiwa majini kinabana picha: upana wa kuona wa nyuzi 90 unabaki kama 64. Panga mizunguko mingi zaidi ya kukagua.