Magurudumu ya mota kwenye kiti mwendo: yanafaa vilima vya Kimara?

mkazi_kimara: Wakuu, habari. Kaka yangu amepooza miguu, jeraha la uti wa mgongo usawa wa T10 (pingili ya kumi ya mgongo sehemu ya kifua), mikono ina nguvu zote. Anasukuma kiti mwendo kwa mikono na mabega yameanza kuuma. Tunataka kumwongezea mota badala ya kununua kiti cha umeme kamili. Tuangalie nini?

fundi_viti: Zipo aina mbili, usizichanganye. Ya kwanza ni magurudumu makubwa yenye mota ndani ya kitovu: sensa inapima mkono unavyosukuma pete ya pembeni ya gurudumu, mota inaongezea nguvu. Ukivuta pete nyuma inasaidia hata kufunga breki, na kwa miteremko ya Kimara hilo ni jambo kubwa. Ubaya ni uzito, jozi na betri zake hukaribia kilo 20. Mnyanyuaji wa kuingiza kiti kwenye bajaji atachoka haraka.

Ya pili ni mota moja ya kufunga nyuma kwenye ekseli, kama kilo 6. Kwenye lami inatosha kabisa. Ila kuteremka na kukata kona ni kazi ya mikono, kwa hiyo nunua glovu nzito. Na kwenye mchanga wa vichochoroni inageuka hatari: inasukuma kutoka nyuma huku vigurudumu vya mbele vya inchi 4 au 5 vinazama, kiti kinasimama ghafla, mtu anakwenda mbele. Mkanda wa kiunoni afunge kila mara, na akiona mchanga azime mota.

Kwa aina zote mbili, weka vigurudumu vya nyuma vya kuzuia kupinduka, na aanze na nguvu ya chini kabisa. Mota ikishika ghafla kwenye kilima, kiti huinuka mbele.

fiziotiba_dar: Mkuu, kabla ya mota kipimeni kiti chenyewe. Akiwa amekaa, mkono ukining'inia, ncha za vidole ziguse katikati ya gurudumu kubwa, pale ekseli inapopita. Ekseli ikiwa nyuma mno, bega linafanya kazi ya ziada kila msukumo. Tairi lisilo na upepo wa kutosha nalo linamchosha bure.

Mota haipunguzi mzigo wa bega anapojihamisha kwenda kitandani au chooni, hapo atumie ubao wa kuhamia. Pia safari zitakuwa ndefu zaidi, na makalio hayahisi chochote. Ainame mbele au pembeni kila baada ya dakika 15 hadi 30, akae hivyo dakika mbili hivi. Vidonda vya mgandamizo vinaanza kimyakimya, naomba hili msilipuuze hata siku moja.

mkazi_kimara: Asanteni sana. Na mabasi ya mwendokasi je? Umeme ukikatika?

fundi_viti: Jukwaa la kituo liko usawa wa sakafu ya basi, ila pengo la katikati humeza vigurudumu vya mbele. Azime mota, aingie kinyumenyume, magurudumu makubwa yatangulie, na mtu ashike mpini. Betri ya lithiamu ichajini kila jioni umeme ukiwepo, msisubiri iishe. Ikiisha njiani, kiti bado kinasukumika kwa mikono, ila kizito. Madimbwi ya masika asiyapite: maji yakiingia kwenye viunganishi vya waya, kutu inafuata.