Naomba ushauri: baa kongwe inayopika bia yake, tuanzie wapi?

Wakuu, naombeni ushauri. Nataka kumpeleka kaka yangu kula na kunywa kwenye baa kongwe inayopika bia yake yenyewe, matangi yakiwa hapohapo nyuma ya kaunta. Yeye amezoea lega ya chupa, baridi kabisa. Natamani sana apapende, maana baa ya namna hii ikidumu miaka mingi ujue kuna watu wanaipenda kazi yao.

Kinachoniumiza kichwa zaidi ni mpangilio. Nafikiria tuagize glasi ndogondogo za kuonja, tuanze na bia nyepesi ya ngano, stauti (bia nyeusi) na zenye hopsi nyingi, yale maua yanayoipa bia uchungu, zije mwishoni, kwa sababu uchungu wa hopsi ukishakaa ulimini, bia laini inayofuata huonekana kama maji. Niko sahihi? Na stauti ikiwa baridi sana, harufu ya shayiri iliyokaangwa hufifia. Nikiiacha mezani ipungue ubaridi kwanza, povu halitaharibika?

Kwa chakula, nyama ya kuchoma na stauti naona vinaendana, na vitu vya mafuta vinataka bia chungu. Pilipili ndiyo inanitatiza, maana hopsi nyingi huzidisha ukali wake. Ninyi mnashushia na nini?

Halafu kilevi. Baadhi ya bia hizi hupita asilimia 8, wakati lega nyingi ziko karibu na 5, na kaka hunywa haraka. Dereva tunaye tayari. Nimpunguze kasi vipi bila kumkera?