VPN imeunganika, mafaili ya seva hayafunguki

Wakuu, VPN (njia salama ya kuingia mtandao wa ofisi kupitia intaneti) inaunganika na ping (jaribio la kuona kama kifaa kinajibu) kwa seva ya ofisi, 192.168.1.10, inajibu, lakini folda ya seva hiyo, \\SEVA\Hesabu, inagoma. Ruta yangu ya nyumbani nayo ni 192.168.1.1.

— Tatizo ni hapo kwenye ruta. Nyumbani na ofisini kote kukitumika 192.168.1.0/24 (anwani zote zinazoanza na 192.168.1), kompyuta huitafuta seva humohumo nyumbani. Hiyo ping labda inajibiwa na TV yako! Hamisha anwani za nyumbani ziwe 192.168.50.0/24, uunganishe upya.

— Kweli mkuu. Kisha jaribu \\192.168.1.10\Hesabu. Ikifunguka kwa namba, jina likigoma, weka DNS ya ofisi (inayogeuza majina kuwa namba) kwenye VPN. Zote zikigoma, tumia PowerShell (dirisha la amri la Windows): Test-NetConnection 192.168.1.10 -Port 445. Ikileta False, yaani mlango 445 wa kushiriki mafaili haufikiki, mara nyingi faiawoli (ukuta wa ulinzi) ya seva inakubali mtandao wa ndani tu. Ongeza anwani za VPN. Usifungue 445 kwa intaneti nzima, tafadhali.

— Folda zikionekana ila faili kubwa linakwama, shusha MTU (ukubwa wa juu wa kila pakiti ya data) ya VPN hadi 1300.