PS2, PS3 au PS4: nataka kucheza mieleka, ipi inafaa kwa hapa Kigoma?

Mwana wa Ziwa
Wakuu habari za jioni. Nipo Kigoma mjini, Mwanga. Nimejichanga, mwezi huu nataka kununua mashine ya gemu. Sitaki mpira, huo nimeucheza vibandani mpaka umenitosha. Nataka mieleka. Nimetajiwa tatu: PS2 yenye Here Comes the Pain, PS3 yenye WWE 2K14 na PS4 yenye WWE 2K22. Kila muuzaji anasifia ya kwake. Aliyewahi kuzitumia anisaidie. Natanguliza shukrani.

Fundi Redio
Mkuu, umetuambia unachotaka kucheza, hujatuambia ulichonacho. Una shilingi ngapi? Tivii yako ni ya kichogo au bapa? Unacheza peke yako au mko wengi? Hapo unapokaa umeme ukoje? Bila hayo kila mtu atakutajia anayoipenda yeye.

Mzee wa Ng'ambo
PS2, mdogo wangu. Usihangaike na nyingine. Here Comes the Pain ya mwaka 2003 haijatokea ya kuifikia mpaka leo. Mchezo mwepesi, pedi inasikia, haikuombi intaneti wala kukuambia subiri. Sisi hapa Tabora tulikuwa tunalipia kwa pambano, na watu walikuwa wanapanga foleni mpaka nje ya banda.

Isevya Moja
Mwangaluka wote. Mimi swali langu ni moja na ndilo kubwa kuliko yote: unataka kucheza ukiwa NANI? Usinunue kabla hujajibu hilo. Nina sababu.

Mwana wa Ziwa
Samahani wakuu, nilitakiwa kusema mapema. Nina 450,000. Tivii ni ya kichogo, inchi 21, aliniachia baba. Nacheza na mdogo wangu, yuko darasa la sita. Umeme upo ila unakatika.

Na mimi ni wa Rey Mysterio. Nilimwona mara ya kwanza kwenye banda la video, mkanda wa WrestleMania 22, lile onyesho kubwa la mieleka, la mwaka 2006. Yuko na Kurt Angle na Randy Orton, mdogo kuliko wote, na mkanda wa ubingwa wa dunia akauchukua yeye. Mimi ni mfupi, nilikuwa nabeba mizigo Kibirizi pale mitumbwi inapotia nanga, nikawa nachaguliwa wa mwisho kila asubuhi. Siku ile nilirudi nyumbani kwa miguu nikiwa na furaha ambayo sijui niieleze vipi. Kwa hiyo siyo gemu tu. Nataka nimshike yeye mwenyewe kwenye pedi.

Isevya Moja
Nilijua. Kaka, soma hii yote taratibu.

Mwaka 2019 nilimtumia muuzaji mmoja wa Dar hela ya PS3 iliyochipiwa, yaani iliyofunguliwa isome gemu za kunakili. Kwenye simu nikamuuliza, mieleka ipo? Akasema ipo, tena mpya kuliko zote za PS3. Nikaridhika, sikuuliza ya mwaka gani. Mzigo ukaja kwa basi, nikaupokea stendi saa tano usiku, boksi limezungushiwa gundi ya karatasi kama maiti. Nikafika nyumbani, nikawasha. Ni WWE 2K17. Kweli ndiyo ya mwisho kutoka kwenye PS3, hapo hakunidanganya. Nikaingia kwenye orodha ya wapiganaji, nikawa napitisha uso mmoja mmoja. Rey simwoni. Nikarudia toka mwanzo nikidhani nimemruka. Hayumo.

Baadaye ndiyo nikaelewa. Rey aliondoka WWE, ile kampuni ya mieleka, mwaka 2015, akaja kurudi 2018. Kwa hiyo 2K16, 2K17 na 2K18 hawakumweka kabisa. Kwenye 2K19 alikuwa zawadi ya walioagiza mapema. Mtu anakuuzia gemu mpya zaidi kumbe ya zamani ndiyo yenye mtu wako.

Nikasema sawa, nitamtengeneza mwenyewe, maana gemu inaruhusu kuunda mpiganaji. Usiku wa kwanza nikashughulika na mwili: kimo, kifua, mikono ile minene na michoro yake. Usiku wa pili suruali na mapigo, nikampa kila pigo la kuruka nililolikuta. Usiku wa tatu kinyago. Kinyago kile ni kazi. Msalaba kwenye paji la uso ukae katikati kabisa, mabawa pembeni ya macho yalingane kulia na kushoto, ukisogeza nukta moja sura inakuwa ya mtu mwingine. Saa nane usiku nikawa nimempata, Rey kabisa, buluu na nyeupe. Bado kuhifadhi tu. Umeme ukakatika.

Uliporudi nikabonyeza, ikawaka taa ya njano, ikapiga mlio mara tatu, ikazima. Fundi alipoigeuza akanionyesha muhuri umekatwa zamani, ilishawahi kufunguliwa na kuunguzwa kabla sijauziwa. Akaipiga hewa ya moto, ikaamka wiki mbili, ikafa moja kwa moja. Muuzaji hakupokea simu tena. Hela haikuniuma sana. Kiliniuma kile kinyago.

Bint Ujiji
Pole sana kaka wa Isevya. Saa nane za usiku na hujahifadhi hata mara moja!

Kasulu Tulivu
Mwakeye. Pole mkuu, hiyo inauma kweli.

Mwana wa Ziwa, kama umeme unakatika, angalia PS2 ile nyembamba. Zile za mwanzo zinatumia adapta ya nje ya volti 8.5, hazili umeme mwingi. Mimi huku Kasulu vijijini naiendesha kwa sola na inveta ndogo, usiku kucha. Na tivii yako ya kichogo ndiyo mahali pake hasa: nyaya tatu, njano, nyekundu, nyeupe, basi. Hakikisha tu unapata na memori kadi, bila hiyo kila ukizima unaanza upya.

Fundi Redio
Sasa tumeelewana. Kwa 450,000 hapa Kigoma PS4 nzima yenye pedi mbili nina wasiwasi nayo, labda iwe na tatizo lililofichwa. Halafu PS4 inatoa picha kwa HDMI peke yake, ule waya wa tivii bapa. Kwa kichogo itabidi ununue kigeuzi, na hata ukikipata maandishi ya gemu mpya hayasomeki kwenye inchi 21, nimewafungia watu watatu na wote walirudi kulalamika. PS3 inakubali nyaya za rangi tatu na HDMI pia, kwa hiyo ukija kununua bapa baadaye hubadilishi mashine. Mimi nasema PS3, ile ndogo ya mwaka 2012 yenye mfuniko wa kusukuma. Ya zamani nene usiiguse. Na stabilaiza, tafadhali.

Kaka wa Gungu
Wote mnazunguka. Mtu kasema Rey Mysterio! 2K22 ni gemu YA Rey Mysterio. Yeye ndiye yuko kwenye jalada, na ndani kuna sehemu nzima ya maisha yake, anakusimulia mwenyewe kwa sauti yake. Pambano la kwanza unaanza na lile la Halloween Havoc 1997 dhidi ya Eddie Guerrero, umevaa lile vazi la zambarau. Unacheza, unabonyeza pigo, na katikati ya pigo picha ya gemu inageuka kuwa picha halisi ya siku ile, unamwona Rey mwenyewe anamalizia ulichoanza wewe, kisha inakurudishia pedi. Mimi mara ya kwanza nilisimama. Hakuna PS2 wala PS3 itakayokupa hicho. Ongeza hela, subiri miezi mitatu, ununue kitu cha maana.

Mzee wa Ng'ambo
Mwambie na habari ya bando. Gemu hizo zinajaza diski nzima, halafu zinadai masasisho. Here Comes the Pain unaweka sidii, unacheza.

Na Rey yumo, mdogo wangu, tena akiwa kijana. Mpinzani akiangukia kamba ndipo unapompiga 619, lile teke lake la kuzunguka katikati ya kamba. Kitu ninachokipenda pale ni uzito. Rey hamnyanyui Big Show, lile jitu, hata ubonyeze mpaka kidole kife. Inabidi umkimbize, umpige miguu, umrukie kutoka kwenye kona, na ile picha ya mwili pembeni inakuonyesha miguu yake inavyobadilika rangi mpaka nyekundu. Unashinda kwa akili. Hapo ndipo unajiona ni Rey. Ubaya wake mmoja, hakuna watangazaji. Ni muziki tu toka mwanzo hadi mwisho.

Bint Ujiji
Mimi naomba niseme ambalo hakuna aliyesema. Simu unayo? Kuna SmackDown vs. Raw 2011 ya PSP, inachezeka kwenye simu kwa programu ya PPSSPP. Rey yumo. Nimeichezea kwenye simu ya kawaida tu, na nikanunua pedi ya bluetooth nikaacha kugusagusa kioo. Hela yako ikabaki mfukoni ukafanyia mambo mengine.

Mwana wa Ziwa
Dada asante, ila mdogo wangu naye tutacheza vipi? Tunataka kukaa wawili mbele ya tivii. Simu ni ya mtu mmoja.

Bint Ujiji
Hapo umenishinda. Kwa wawili, hapana.

Mfu Hafi
Mimi ni wa Undertaker na sina aibu. Ukichukua PS3 na 2K14 kuna sehemu ya The Streak, ile rekodi yake ya kutoshindwa WrestleMania, unamtetea Undertaker asipoteze WrestleMania au unajaribu wewe kumvunjia rekodi. Ilitoka Oktoba 2013, akiwa 21 kwa 0. Aprili 2014 Brock Lesnar akamfunga kweli. Kila nikicheza ile sehemu najua kinachokuja na bado namtetea. Kwa nini mtu achague Rey wakati Undertaker yupo? Wakikutana Rey hatoki.

Kaka wa Gungu
Rey hatoki wapi? Royal Rumble 2006, lile pambano la watu 30 wanaoingia kwa zamu, aliingia namba 2, akakaa ulingoni zaidi ya saa nzima, akawa wa mwisho kubaki. Namba 2! Taja mwingine wa kimo kile.

Mfu Hafi
Sibishi hilo. Nasema wao wawili. Royal Rumble 2010 walikutana kwa mkanda wa dunia, nani alitoka nao? Undertaker.

Mwana wa Ziwa
Alishindwa ndiyo, lakini kama uliangalia pambano lile utakumbuka alivyosimama. Mimi ndicho ninachompendea. Anajua anayempiga ni mkubwa mara mbili yake na bado anarudi.

Kasulu Tulivu
Na mbona hamumtaji Kofi Kingston? Mzaliwa wa Ghana, mwenzetu, mwaka 2019 kwenye WrestleMania 35 akamfunga Daniel Bryan akachukua ubingwa wa WWE. Watoto wangu wote wawili wanagombania Kofi. Nikiwasha lazima mmoja alie.

Isevya Moja
Kofi yumo 2K14 na yumo 2K22. Nimehakiki kabla ya kuandika. Siku hizi nahakiki kila kitu.

Mzee wa Ng'ambo
Zamani walikuwa wanamtangaza kwamba ni wa Jamaika. Ilinisumbua sana, nilifurahi walipoacha.

Fundi Redio
Tumrudie mwenye mada. Mkuu, ukienda kuangalia PS3, nenda na tivii yako au omba waiwashie hapo hapo dukani. Geuza mashine, angalia muhuri. Iache iwake nusu saa uisikilize feni. Ikianza kunguruma kama boti ya Kibirizi, iache. Jaribu pedi zote mbili, zungusha vijiti, uone mpiganaji hatembei mwenyewe. Na fungua orodha, mwone Rey kwa macho yako.

Kaka wa Gungu
Au asubiri miezi mitatu. Nasisitiza.

Mwana wa Ziwa
Wakuu nimesoma yote, nyingine nimemsomea na mdogo wangu. Leo jioni nimepita sehemu, kuna PS3 ile ndogo, anataka 320,000 na pedi moja. Nikamuuliza 2K ya ngapi, akasema "zote ni mieleka tu". Nikaondoka. Kuna mwingine ana PS2 nyembamba kwa 130,000 ila hana memori kadi. Kaka wa Gungu, hilo vazi la zambarau limenikaa kichwani toka jana, sikudanganyi. Mdogo wangu yeye anataka Big Show, anasema anataka aone nitamwangushaje.

Mzee wa Ng'ambo
Huyo mtoto ana akili. Mchukulie PS2.

Fundi Redio
Yule wa 320,000 mwambie akuwashie uone mwenyewe ni ya ngapi. Inaweza kuwa ndiyo 14, hajui tu anachouza.

Bint Ujiji
Memori kadi ninayo moja ya kaka yangu, ipo kwenye droo huku Ujiji, haitumiki toka mashine yake ilipokufa. Ina faili za zamani humo, naona kama na Here Comes the Pain ipo. Ukichukua PS2 njoo uichukue, sikuuzii.

Mwana wa Ziwa
Dada umenibariki. Jumamosi mchana nikitoka sokoni naweza kupita? Hata kama nitakuwa bado sijanunua.

Bint Ujiji
Karibu. Ila usizifute faili zake kabla hajaziona, kuna Rey aliyemfikisha ubingwa mwaka mzima, ananiuliza habari zake mpaka leo.