Ushauri: Mzee mwanzilishi wa kikundi anataka kuwa von Lettow, na maneno hayamkai kichwani

Mwongozaji_wa_Uani:
Wakuu, heshima kwenu. Nina jambo limenikaa kooni wiki ya tatu sasa.

Tuna kikundi cha maigizo hapa Tanga, watu 11, hakuna anayelipwa. Kuna fundi cherehani, walimu wawili, kijana wa bodaboda, mama anayeuza vitumbua, wengine wanafunzi. Mazoezi ni jioni, uani kwa mzee wetu mmoja, Ngamiani. Yeye ndiye aliyeanzisha kikundi. Ngoma zake, maleba yamo kwenye sanduku lake, hata ukwaju tunaokunywa unatoka jikoni kwake.

Mwaka huu tunaandaa igizo la vita vya Tanga vya Novemba 1914, vile ambavyo nyuki waliwauma askari na Waingereza wakashindwa. Mzee ametangaza mbele ya watu kwamba yeye ndiye von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani. Miaka yote mhusika mkuu ni yeye na hatujawahi kubishana. Ila siku hizi maneno yanamkimbia. Juzi alisimama katikati ya mapigano akaamuru askari wake wasalimu amri kwa Waingereza. Watu wote wakakauka. Tungemwachia, historia ya nchi ingebadilika palepale uani.

Yule wa bodaboda anajua maneno ya kila mtu. Ndiye anayemnong'oneza mzee kutoka nyuma ya kanga tuliyotundika kuwa pazia.

Nikimnyima, naogopa kupoteza ua, ngoma, na yeye mwenyewe, maana sanaa kanifundisha yeye. Nikimpa, tutaaibika. Nifanyeje?

Pweza_wa_Sahare:
Mpe tu bwana, tutacheka tuende zetu. Kiingilio shilingi ngapi?

Dada_Makorora:
Usimsikilize huyo. Mimi niliwahi kutolewa kwenye igizo kwa meseji, siku nne kabla ya onyesho, nimeshakariri mpaka maneno ya wenzangu. Sikukanyaga tena pale. Uamuzi wowote utakaofanya, nenda kwake asubuhi, peke yako, ukamwamkie kwanza na ukae. Usimwambie mazoezini watoto wakisikia, wala usitume mtu.

Fundi_Jukwaa (Bagamoyo):
Mkuu, kabla hujamlaumu mzee, skripti kaandika nani? Kama ni wewe, isome kwa sauti. Hotuba ndefu za kijeshi zilizoandikwa kama gazeti hata mimi nisingezishika. Watu wa umri wake walizoea igizo la kupewa kisa, maneno ukajitungia mwenyewe jukwaani. Mwache aseme kwa maneno yake, mshike kwenye kauli za mwisho tu, zile ambazo mwenzake anazisubiri ili aingie. Wengi wanaodhaniwa wamesahau, hapo hupona.

La pili, na hili ndilo linaloniuma: kwa nini mkuu wa igizo lenu ni von Lettow? Waingereza walikuja na watu kama 8,000, wengi wao askari wa kutoka India, wakashuka upande wa Raskazone. Upande wa pili walikuwa kama 1,000, na walio wengi ni askari weusi. Na wapagazi je? Nyie Watanga mnaigiza vita vya Tanga, halafu mnagombania kuwa Mjerumani.

Mwisho, von Lettow aliingia mjini usiku kwa baiskeli kupeleleza. Mzee anaendesha?

Mwongozaji_wa_Uani:
Kuliko mimi. Hii ni Tanga, mkuu 😂
Skripti ni yangu, nakiri. Hotuba ya kwanza ina ukurasa na nusu.

Pweza_wa_Sahare:
Ukurasa na nusu! Waingereza wangeshapanda meli.

Mstaafu_wa_Bandari:
Hamjauliza la maana. Nyuki nani?

Mwongozaji_wa_Uani:
Hakuna anayetaka, mzee wangu. Tulipanga sauti ya kwenye simu, tuiunganishe na spika.

Mstaafu_wa_Bandari:
Basi mna kito mnakitupa. Watu wakija kuangalia vita hivyo, wanawasubiri nyuki. Wafanyeni kwa ngoma na mvumo wa midomo, watu watano sita wakizunguka, na mzee wako awaongoze. Nyuki hana maneno ya kukariri. Akipiga ngoma, jeshi zima linakimbia. Sasa hapo kamanda nani?

Tena msiuendeleze ule uzushi kwamba Wajerumani waliwatega nyuki kwa makusudi. Nyuki walichokozwa na mapigano yenyewe, wakauma pande zote mbili. Mzee awaume wote.

Dada_Makorora:
Wazo zuri, ila angalieni lugha. Ukienda kumwambia "tumekupa nyuki", atasikia "tumekufanya mdudu". Mwombe msaada wa ngoma kwanza, uhusika uje wenyewe.

Pweza_wa_Sahare:
Tanga, waja leo, kuondoka majaliwa. Wale Waingereza walibahatika, tarehe 5 walikuwa wanaondoka. Silaha ndiyo waliacha.

Mwongozaji_wa_Uani (mrejesho):
Wakuu, nilikwenda Jumamosi alfajiri. Nilimkuta anakaza ngozi ya ngoma. Nikamweleza shida ya spika, nikamwomba atusaidie mvumo. Akanyamaza muda mrefu, mpaka nikaanza kuaga. Kisha akauliza, "Nyuki wanaingia mara ngapi?" Nikasema mara moja. Akasema, "Tatu." Anataka wapite kwanza mwanzoni kabisa, taratibu, wakati mpagazi anapumzika chini ya mti na hakuna anayewajali. Wazo hilo sikuwa nalo kabisa.

Sharti lake: jina lake liwe la kwanza kwenye tangazo. Nimekubali. Na hotuba nimeikata, zimebaki sentensi nne.

Tatizo sasa ni kijana wa bodaboda. Tangu aambiwe von Lettow ni yeye, nusu ya maneno yamempotea. Jana alikwama kwenye mapigano, mzee akamnong'oneza kutoka nyuma ya kanga.

Alimwambia asalimu amri.