Namna ya kuhakiki kifaa cha sauti cha kupima mtiririko wa mto

Mpimaji: Wataalamu, naomba ushauri. Tulivuka mto mara nne kwa boti iliyofungwa kifaa cha Doppler, yaani kinachopima kasi ya maji kwa mwangwi wa sauti, na majibu yake hayakupishana kwa zaidi ya 2%, wastani ukiwa mita za ujazo 38.6 kwa sekunde. Siku hiyohiyo mita ya rafadha, yenye panga linalozungushwa na mkondo, ilitoa 42.0. Je, niseme kifaa kina upungufu wa 8% na kukirudisha kwa mtengenezaji?

Mkaamto: Usikirudishe bado. Vivuko vinne kukubaliana ni dalili ya uthabiti, si ya usahihi, kwa maana kosa lililomo katika njia yenyewe ya kupima hujirudia kila kivuko. Kifaa hutambua mwendo wa boti kwa mwangwi wa sakafu ya mto. Mchanga wa sakafuni ukisukumwa na mkondo, kifaa hudhani kuwa boti ndiyo inayopanda mto, na kasi ya maji hutoka pungufu. Tia nanga penye mkondo mkali kwa dakika 10, kisha utazame njia inayochorwa kwenye skrini.

Fundi wa Vituo: Naongeza jambo la joto. Katika maji matamu ya nyuzi 20 sauti husafiri takribani mita 1,482 kwa sekunde, na kipimajoto kikikosea nyuzi 5 kasi hiyo hukosewa kwa karibu 1%, kosa linaloingia katika kasi ya maji na tena katika kina. Niliwahi kupoteza asubuhi nzima nikiilaumu programu, kumbe kifaa kilikuwa bado na joto la ndani ya gari. Kiache majini kitulie, ukilinganishe na kipimajoto kingine. Wala usiifanye rafadha kuwa hakimu asiyekosea, kwani nayo hutegemea idadi ya wima (mistari ya kutoka juu hadi sakafuni) ulizopima na muda uliokaa katika kila moja.

Mpimaji: Nashukuru. Vipimajoto vilipishana kwa nyuzi 0.3 tu, lakini tulipotia nanga kwa sekunde 600 kifaa kilidai tumepanda mto mita 42, yaani mita 0.07 kwa sekunde, ilhali kasi ya wastani ya maji kwa rafadha ni mita 0.9 kwa sekunde. Karibu pengo lote limeelezeka. Sasa je, nikipime pia katika tangi la kukokotea, ambamo kifaa huvutwa na kigari juu ya maji yaliyotulia?

Mkaamto: Tangi lina faida yake, kwa kuwa kasi ya kigari hujulikana barabara, ila maji yake matulivu huwa na chembe chache mno za kurudisha mwangwi, na sakafu yake haisogei, kwa hiyo kosa ulilolipata lisingeonekana humo kamwe. Rudia kipimo mtoni ukitumia kipokezi cha setilaiti kufuatilia boti, vivuko vya kwenda na vya kurudi viwe sawa kwa idadi, na muda wote usipungue sekunde 720. Yale matokeo ya nanga yaandike kwenye fomu ileile ya kipimo.